Mahala pa Waroma: kwa nini jamii kubwa ya Ulaya bado inaishi pembezoni mwa mji

Katika mji wa Dupnitsa, kusini-magharibi mwa Bulgaria, kuna mtaa unaoitwa Gizdova Mahala. Mwaka 1999 na 2000 kampuni ya umeme ilifunga mita za mtaa huo juu ya nguzo za zege, kimo cha mita 6 hadi 7 kutoka ardhini. Katika mitaa mingine mita hukaa ukutani au kwenye uzio, kimo cha mita 1.70, usawa wa macho. Mkazi wa mtaa wa kawaida akitaka kujua ametumia uniti ngapi, anatoka mlangoni na kusoma. Mkazi wa Gizdova Mahala anainua shingo, kisanduku anakiona, tarakimu hazioni. Bili ikija kubwa kupita kiasi, hana cha kubishana nacho.

Mtaa huo ni wa Waroma. Mwanamke mmoja mwenye duka la vyakula hapo, ambaye yeye mwenyewe si Mroma, hakukubali. Alipeleka malalamiko kwenye tume ya kupambana na ubaguzi, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Kampuni ilijitetea kwamba wakazi wa pale huchezea mita na kujiunganishia umeme. Tarehe 16 Julai 2015 mahakama ilisema kwamba kumpandishia mita kila mkazi wa mtaa, awe amewahi kuiba umeme au hajawahi, na kuendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, ni jambo la kuwavunjia watu heshima na kuwapaka wote doa moja. Ikaongeza kwamba hata mwenye duka asiye Mroma anaweza kuwa amebaguliwa, kwa sababu anabeba mzigo uleule wanaobeba majirani zake. Neno la mwisho liliachiwa mahakama ya Bulgaria.

Nimeanza na mita kwa sababu ndani yake kuna habari nzima kwa ufupi. Hakuna sheria ya Bulgaria iliyoandika kwamba Waroma wakae huku na wengine kule. Kuna mtaa, kuna ofisi, kuna uamuzi wenye maelezo ya kitaalamu, na mwisho wa yote kuna watu wanaoishi maisha tofauti na ya wenzao walio umbali wa dakika kumi kwa miguu. Utengano wa makazi wa Waroma karibu wote uko hivyo. Kuta zipo, nitazitaja. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini jambo hili haliishi, usifuate ukuta. Fuata karatasi: hati, anwani, kitambulisho, fomu ya maombi.

Neno mahala nalo si geni kwetu. Waturuki walilichukua kutoka Kiarabu, likawa jina la mtaa katika miji ya dola ya Uthmaniya, na likabaki Bulgaria, Serbia, Makedonia na Romania hata baada ya dola hiyo kuondoka. Sisi wa pwani tulilipata kwa njia yetu, tukawa tunasema mahali au mahala. Asili ni moja. Tofauti ni kwamba Bulgaria leo mtu akitaja mahala, mara nyingi anakusudia mtaa wa Waroma, na mara nyingi hasemi kwa heshima.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa majina. Waroma si Warumi wa kwenye Biblia, wala si Waromania, ingawa Romania wapo wengi. Katika lugha yao, Kiromani, rom ni mwanamume, au mume, au mtu wa kwetu. Wazee wao walitoka kaskazini mwa India yapata miaka 1,000 iliyopita, wakapitia Uajemi na Bizanti, dola ya Kigiriki iliyotawala kutoka Istanbul ya leo, hadi Ulaya. Ushahidi mkubwa ni lugha yenyewe. Mroma akihesabu husema yek, duj, trin. Mhindi husema ek, do, tin, na Mgujarati, ambaye wengi wetu tumemsikia akihesabu dukani, husema ek, be, tran. Huhitaji kuwa mwanaisimu kusikia undugu huo. Leo Ulaya ina Waroma kati ya milioni 10 na 12, wapatao milioni 6 wakiwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Ndiyo jamii kubwa kuliko zote za wachache katika bara hilo, na haina nchi. Jina ambalo wengine waliwapa, tsigan au Zigeuner kutegemea lugha, wataalamu hulihusisha na neno la Kigiriki lenye maana ya wasioguswa. Waroma wengi hulihesabu kuwa tusi.

Jambo linalosemwa zaidi kuhusu watu hawa ni kwamba ni wa kuhamahama: hawapendi nyumba, wamezoea kutembea, kwa hiyo kuwatengea kambi ni kuwaheshimu. Si kweli, na inafaa kuonyesha kwa nini si kweli, kwa sababu sera nyingi mbaya zimesimama juu ya uongo huo.

Katika Wallachia na Moldavia, nchi ambazo leo ni sehemu ya Romania, Waroma walikuwa watumwa. Hati ya mwaka 1385 inataja familia 40 zikiwa mali ya nyumba ya watawa. Utumwa huo ulidumu karibu miaka 500. Moldavia iliufuta mwaka 1855, Wallachia mwaka 1856, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana. Watumwa waliondoka na uhuru wao bila shamba. Wakajenga pale ambapo hakuna aliyewafukuza: ukingo wa kijiji, kando ya mto unaofurika, nyuma ya makaburi. Ramani ya vijiji vingi vya Romania inaonyesha jambo hilo hadi leo. Huko Hispania, mwaka 1749 mfalme aliamuru Waroma wote wakamatwe kwa mpigo, wanaume wapelekwe kwenye kazi ngumu na wanawake na watoto wafungwe kwingine, na maelfu walikamatwa. Himaya ya Habsburg nayo ilijaribu kuwageuza kwa nguvu, ikakataza lugha yao na kuwachukua watoto wao wakalelewe na wengine.

Sasa jiulize: mtu anayefukuzwa kila anapofika, anahama kwa kupenda? Na hata hivyo wengi walikaa. Hungary ilipowahesabu Waroma mwaka 1893, karibu 9 kati ya 10 walikuwa wameshatulia mahali pamoja. Zaidi ya karne moja baadaye bado kuna maafisa wanaopanga bajeti kana kwamba watu hawa walishuka kwenye mkokoteni jana.

Kisha wakaja Wanazi. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944, kambi ya Waroma ndani ya Auschwitz-Birkenau, kambi kubwa ya mauaji ya Wanazi huko Poland, ilifungwa kwa kuwaua kwa gesi watu wapatao 4,300, wengi wao watoto, wazee na wanawake. Idadi ya Waroma waliouawa katika vita vile hukadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 500,000. Huko Lety, katika nchi ya Wacheki, palikuwa na kambi ambamo Waroma walikufa kwa njaa na magonjwa. Katika miaka ya 1970 serikali ya kikomunisti ilijenga shamba la nguruwe juu ya eneo hilo, na likaendelea kufanya kazi miongo kadhaa. Serikali ilikuja kulinunua, na mwaka 2022 likabomolewa. Inauma kuandika hili: hata mahala pa kufia palinyimwa heshima.

Ukomunisti ulileta mambo mawili kwa pamoja. Ulitoa kazi viwandani, na kwa mara ya kwanza Waroma wengi wakawa na mshahara wa kila mwezi. Papo hapo, Czechoslovakia ilitunga sheria namba 74 ya mwaka 1958 iliyowakataza kuhama na kuwaagiza wakae pale walipoandikishwa, na serikali ikawa ndiyo inayoamua pale ni wapi. Bulgaria na Romania ziliwaachia wajenge kwenye ardhi ya manispaa. Hakuna aliyeandika hati, kwa sababu wakati ule hati haikuwa na umuhimu wowote wa kibiashara. Ardhi ilikuwa ya umma, kazi ipo, maisha yanakwenda.

Mwaka 1989 mfumo ukaanguka, na hapo ndipo fundo lilipokazwa. Viwanda vilifungwa, wa kwanza kupunguzwa wakawa wale wa kazi za mikono. Nyumba zilizotaifishwa zikarudishwa kwa warithi wa wenye mali wa zamani, na wapangaji wakatolewa. Vyumba vya serikali vikauzwa kwa waliokuwa na akiba. Ardhi ya katikati ya mji ikapata bei. Na watu waliokaa miaka 40 kwenye kiwanja kwa ruhusa ya mdomo wakaamka siku moja wakiitwa wavamizi.

Mfano wake ni Batalova Vodenitsa, mtaa wa mjini Sofia. Waroma walijenga pale kuanzia miaka ya 1960 na 1970, manispaa ikiwaona, baadhi wakiwa na anwani zilizoandikishwa hapohapo. Mwaka 2005 likatoka agizo waondoke. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika hukumu ya tarehe 24 Aprili 2012, ilisema kuwaondoa kungekiuka haki ya kuheshimiwa makazi ya mtu. Serikali iliyowavumilia kwa miongo haiwezi kuamka na kuwatendea kama mpitanjia aliyelala kwenye ubaraza wa jirani usiku mmoja. Mfano wa ubaraza ni wangu, ila maana ndiyo hiyo.

Fundo lenyewe linafungwa hivi. Huna hati ya nyumba. Bila hati, kwa kanuni za nchi kadhaa, huwezi kuandikisha anwani. Bulgaria ilikaza kanuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa kudai vielelezo vya umiliki au upangaji. Bila anwani, kitambulisho cha kudumu hakitoki. Romania humpa mtu wa namna hiyo kitambulisho cha muda, cha mwaka mmoja, chenye maelezo kwamba hana makazi. Bila kitambulisho kamili, kazi rasmi ni shida, benki ni shida, daktari ni shida, na kupata nyumba ya manispaa, ambayo ndiyo ingekutoa kwenye banda, ni shida kuliko zote. Kwa hiyo unabaki bandani, ambako huna hati. Sisi tunaoijua safari ya kutafuta barua ya serikali ya mtaa ili upate kitambulisho, na kuambiwa lete kitambulisho ili upate barua, tunaelewa mzunguko huo haraka kuliko msomaji wa Brussels.

Cluj-Napoca ni jiji tajiri la Transylvania, eneo la Romania, lenye vyuo vikuu na kampuni za kompyuta, na kodi za pango za juu. Kwenye mtaa wa Coastei, ndani ya jiji, ziliishi familia zipatazo 76, karibu wote Waroma. Watoto walisoma shule za karibu, wazazi walifanya usafi na kazi nyingine za mjini. Tarehe 17 Desemba 2010, katikati ya majira ya baridi, bila taarifa ya maana wala mashauriano, walitolewa na nyumba zao zikabomolewa. Familia 40 zilipelekwa kwenye majengo mapya ya Pata Rât. Zilizobaki hazikupewa mbadala unaoeleweka.

Pata Rât ni eneo la jalala la jiji. Nyumba hizo ziko chini ya kilomita moja kutoka kwenye mlima wa taka, jirani na mahali palipokuwa panatupwa taka za kemikali. Kila familia ilipewa chumba kimoja cha mita za mraba 16 hadi 18. Wengi wetu tumelelewa kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, kwa hiyo mita 16 zinaweza kuonekana nafuu. Ila weka humo baba, mama, watoto wanne na bibi, jiko, nguo zinazokauka ndani kwa sababu nje kuna barafu, na bafu moja linalotumiwa na vyumba vinne. Weka pia harufu. Kisha mtoto atoke humo asubuhi aende shule, akitembea kwenye barabara ya malori ya taka hadi kituo cha basi, afike na viatu vyenye tope jeusi, na wenzake wajue mara moja ametoka wapi.

Desemba 2013 mahakama ya Cluj ilisema kuhamishwa kule kulivunja sheria. Rufaa zikafuata, shauri likazunguka. Na wakati linazunguka, familia ziliambiwa ziombe nyumba za manispaa kama mtu mwingine yeyote. Fomu ilikuwa na alama. Kwa miaka kadhaa mfumo wa alama wa jiji hilo ulimpendelea mwombaji mwenye elimu ya juu. Fikiria hilo kwa utulivu. Nyumba za wasio na uwezo, na mwenye shahada anapata alama nyingi kuliko mama aliyeacha shule akiwa mtoto. Hakuna mahali fomu ilipoandika Mroma. Haikuwa na haja ya kuandika.

Nasi tulitawaliwa kwa mbinu kama hiyo. Dar es Salaam ya Waingereza iligawanywa kanda tatu, na kanuni zilizungumzia aina ya jengo zaidi ya rangi ya mtu: hapa nyumba za mtindo wa Kizungu, hapa za makazi na biashara, hapa vibanda. Matokeo tuliyaita kwa majina yake, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kanuni inaweza kunyamaza kuhusu kabila na bado ikajua inamlenga nani.

Mara nyingine kanuni hainyamazi. Oktoba 1999, katika mji wa Ústí nad Labem nchini Czech, manispaa ilijenga ukuta kwenye mtaa wa Matiční kutenganisha majengo ya Waroma na nyumba za upande wa pili. Kelele zilienea Ulaya nzima, na kabla ya mwisho wa Novemba ukuta ulikuwa umebomolewa. Serikali kuu iliipa manispaa fedha, na sehemu yake ilitumika kuwanunulia nyumba zao majirani wasio Waroma ili wahame. Ukuta ulianguka, utengano ukabaki. Huko Ostrovany, Slovakia, ukuta wa mita 150 ulijengwa mwaka 2009. Huko Baia Mare, Romania, meya alijenga wa kwake mwaka 2011 kwenye mtaa wa Horea, akisema anawakinga watoto na magari. Mwaka uliofuata akahamishia Waroma wengine kwenye majengo ya kiwanda cha zamani cha shaba, ambako watoto waliugua kwa mabaki ya kemikali. Mwezi huohuo alichaguliwa tena kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Mahakama kuu ya nchi ilikuja kusema ukuta ule ni ubaguzi, lakini kwa mwanasiasa hesabu ilikuwa imeshafungwa. Sehemu hii watu wa haki za binadamu huipita haraka mno. Kuwatenga Waroma kunaleta kura, na kuwapa nyumba katikati ya mtaa kunazipoteza. Meya anayetaka kutenda haki anaanza akiwa na hasara.

Italia ilichukua njia tofauti ikafika palepale. Waroma wengi walioingia huko miaka ya 1990 walikimbia vita vya Yugoslavia, walikotoka kwenye nyumba za matofali na kazi zao. Italia ikawapokea kwa jina la wahamaji, na kwa kuwa ni wahamaji, ikawajengea kambi. Mwaka 2008 serikali ilitangaza hali ya dharura kuhusu wahamaji katika mikoa ya Lazio, Campania na Lombardia, kana kwamba ni tetemeko la ardhi. Baraza la Dola, mahakama ya juu ya Italia kwa mambo ya utawala, lilisema mwaka 2011 kwamba dharura hiyo haikuwa na msingi wa kisheria. Manispaa ya Roma hata hivyo ilifungua kambi ya La Barbuta mwaka 2012, makontena ndani ya uzio, kando ya uwanja wa ndege wa Ciampino. Tarehe 30 Mei 2015 mahakama ya kiraia ya Roma ilitamka kwamba kuwakusanya watu wa asili moja mahali pa aina ile ni ubaguzi. Kwa ninavyojua, ilikuwa hukumu muhimu kuliko zote zilizotolewa Italia kuhusu kambi hizo.

Mtaa ukitengwa, shule inafuata yenyewe. Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya watoto 18 wa Ostrava, Czech, waliopelekwa shule maalumu za wenye ulemavu wa akili. Takwimu zilizowekwa mbele ya mahakama zilionyesha kuwa mtoto wa Kiroma mjini humo alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi wa kupelekwa huko kuliko mwenzake asiye Mroma. Watoto walishinda. Lakini uchunguzi wa Wakala wa Haki za Msingi wa Umoja wa Ulaya uliofanyika mwaka 2021 ulikuta asilimia 52 ya watoto wa Kiroma wakisoma shule ambazo wote au wengi ni Waroma, wakati mwaka 2016 walikuwa asilimia 44. Uchunguzi huohuo ulikuta Waroma 4 kati ya 5 wakiwa kwenye hatari ya umaskini, na asilimia 22 wakiwa hawana maji ya bomba ndani ya nyumba. Huu ni Umoja wa Ulaya. Aprili 2020, korona ilipoingia, serikali ya Slovakia ilizingira makazi kadhaa ya Waroma kwa polisi na wanajeshi, na tangazo la afya likawa lilelile la dunia nzima: nawa mikono.

Kuna hoja moja inayostahili kujibiwa kwa uaminifu, kwa sababu inasemwa na watu wa kawaida wenye nia njema. Wanasema: walipewa nyumba nzuri wakaziharibu, tazama Luník IX. Basi tuitazame. Luník IX ni mtaa wa maghorofa mjini Košice, mashariki mwa Slovakia, uliojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mpango wa awali ulikuwa kuchanganya familia za Waroma na za askari na polisi. Waliokuwa na uwezo wa kuondoka wakaondoka. Katika miaka ya 1990 jiji likaugeuza kuwa mahali pa kuwapeleka wapangaji wa Kiroma walioshindwa kulipa kodi kwingine. Nyumba zilizokusudiwa watu wapatao 2,500 zikabeba maelfu zaidi. Kiwanda hakuna, mshahara hakuna, bili zikarundikana, na kampuni zikakata gesi, kisha joto, kisha maji na umeme katika majengo mengi. Hapo usisahau kwamba mlipaji na asiyelipa walikatiwa pamoja, maana bomba la jengo ni moja.

Sasa fikiria jengo la ghorofa nane, nje nyuzijoto 10 chini ya sifuri, hakuna joto wala gesi ya kupikia. Mtu atachoma kitu. Atachoma fremu ya mlango, atachoma sakafu ya mbao. Picha ya sakafu iliyong'olewa ndiyo inayosambaa, na picha ya bomba lililofungwa haina anayeipiga. Sisemi hakuna aliyeharibu kwa makusudi. Wapo, kama wanavyokuwepo katika kila jengo la kupanga duniani. Nasema mpangilio ule ungeharibu jengo lolote, likaliwe na kabila lolote. Tarehe 14 Septemba 2021 Papa Francis alifika Luník IX, akazungumza na wakazi uwanjani, madirishani watu wamejaa. Ilikuwa heshima kubwa kwao, na mabomba yao hayakuwa ya Papa kuyafungua.

Kukaa pamoja kwenyewe si kosa. Šuto Orizari, ndani ya jiji la Skopje, Makedonia Kaskazini, ilikua baada ya tetemeko la mwaka 1963, na tangu 1996 ni manispaa kamili yenye Waroma wengi, meya Mroma, na Kiromani kama lugha rasmi. Umaskini upo, lakini watu wana ofisi yao, muhuri wao na kura zao. Mtu akichagua kuishi karibu na ndugu zake, hilo ni jambo lake. Utengano ni pale asipoweza kuondoka, na pale maji, barabara na shule vinapoishia kabla ya kumfikia.

Panapofanikiwa, panafanikiwa kwa mambo yasiyopendeza kwenye hotuba. Hispania ina Waroma zaidi ya 700,000. Katika miaka ya 1980 ilijenga mitaa maalumu ya kuwahamishia watu wa mabanda, na mitaa hiyo ikawa mabanda mapya ya zege. Madrid ikabadili mwendo: badala ya kuhamisha mtaa mzima pamoja, ikazipeleka familia moja moja kwenye vyumba vya kawaida mjini, na watumishi wa ustawi wa jamii wakazifuata kwa miaka, kwa majirani, shuleni, kwenye bili ya kwanza. Nyumba za Waroma zilizokuwa mabanda nchini Hispania zilishuka kutoka karibu asilimia 10 mwaka 1991 hadi karibu asilimia 2 mwaka 2015. Huko Rankovce, kijiji kilicho karibu na Košice, familia za Kiroma ziliweka akiba kidogo kidogo, zikapata mkopo mdogo, zikanunua kiwanja na kujenga zenyewe, tofali kwa tofali, fundi mmoja akiwaelekeza. Wanalipa mkopo. Na wana hati, jambo ambalo babu zao hawakuwahi kulishika mkononi.

Pata Rât nako, kati ya mwaka 2014 na 2017, mradi uliofadhiliwa na Norway ulizihamisha familia 35 hadi nyumba za kawaida ndani ya Cluj na vijiji vya jirani. Kadiri ninavyosoma, waliohama hawakurudi jalalani. Lakini eneo lile lilikuwa na watu wapatao 1,500, na wengi walibaki. Mtoto aliyezaliwa pale majira ya baridi yale, wiki chache baada ya nyumba za mtaa wa Coastei kubomolewa, ameshafikisha miaka 14, umri ambao raia wa Romania hupewa kitambulisho chake cha kwanza. Kwenye fomu kuna mstari wa anwani.